Kifungo nilichokinunua Kariakoo

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilimnunulia mtoto wa kaka yangu konsoli ya mtumba, yaani mashine ya kuchezea gemu, pale Kariakoo kwa shilingi 380,000. Alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza, na ahadi ni deni. Kaka yake mkubwa anafanya kazi Muscat, na ombi la mtoto lilikuwa moja tu: wacheze mpira wawili, yeye akiwa Temeke na kaka yake kulekule. Muuzaji aliiwasha mbele yetu. Picha safi, vijiti vya kuchezea havitelezi, feni haipigi kelele. Akatia gemu, wakacheza yeye na mtoto dakika tano, nikalipa, tukaondoka na boksi letu.

Usiku ule tuliiunganisha na Wi-Fi ya nyumbani, tukafungua akaunti mpya kwa barua pepe mpya, tukabonyeza kuingia mtandaoni. Kwenye skrini ukatokea ujumbe mfupi wenye namba ya kosa: mashine hii imezuiwa kutumia huduma za mtandaoni. Mtoto aliusoma mara mbili, akanigeukia.

"Shangazi, nimefanya nini?"

Hakuwa amefanya kitu. Ile mashine ilikuwa mikononi mwake kwa saa chache tu. Swali lake ndilo lililonikalisha macho miezi iliyofuata, na ndilo limeniandikisha haya. Chapa ya konsoli ile sitaitaja, wala duka, kwa sababu yaliyotukuta huwakuta watu wa kila chapa.

Mimi ni mhasibu. Hesabu za mwezi zikikataa kulingana, huwezi kubadilisha kila kitu kwa pamoja halafu ukajua kosa lilikuwa wapi. Unagusa kimoja, unaandika, unaangalia, unaenda kingine. Nikachukua daftari nikafanya hivyohivyo. Kwanza akaunti: jirani ana mashine ya aina ileile, tukaingiza akaunti ya mtoto kule kwake, ikapokelewa bila neno. Tukachukua akaunti ya jirani, iliyo na miaka minne haina doa, tukaiingiza kwenye mashine yetu. Ikakataliwa kwa namba ileile ya kosa. Basi akaunti haina hatia. Pili mtandao: tukaacha Wi-Fi, nikawasha hotspot ya simu yangu na bando jipya, kisha simu ya jirani ya kampuni nyingine. Kosa lilelile. Tatu kumbukumbu: tukafuta kila kilichomo, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, lugha na saa tukaweka upya. Kosa lilelile. Mwisho nikaipeleka kwa fundi mmoja Temeke ambaye ana kibanda cha gemu upande mmoja na meza ya kuchomelea upande wa pili. Akaifungua, akabadilisha hifadhi yake, akaiwasha. Lilelile.

"Dada," akaniambia, "hii imefungiwa yenyewe. Siyo akaunti, siyo laini. Chuma."

Nilimwuliza chuma kinafungiwaje. Akacheka kidogo, akasema kila mashine ina jina lake ndani, na jina hilo likiandikwa kwenye kitabu cha kampuni, limeandikwa. Zaidi ya hapo hakuwa na la kuongeza, foleni ya watoto wenye mia tano zao ilikuwa inamsubiri. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma.

Maelezo yaliyo wazi kuliko yote niliyoyapata yanahusu Nintendo Switch, konsoli iliyotoka tarehe 3 Machi 2017. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2018, mtafiti Katherine Temkin alitangaza kasoro kwenye chipu ya Tegra X1 ya NVIDIA iliyomo ndani ya mashine hizo. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya kuwashia, ile iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani na isiyoweza kurekebishwa kwa toleo jipya. Mtu alihitaji kompyuta, waya wa USB, na kipande kidogo cha chuma cha kugusisha pini kwenye reli ya kulia inapochomekwa Joy-Con, kile kidude cha kuchezea. Mamilioni ya mashine zilikuwa zimeshauzwa. Nintendo haikuweza kuziba tundu lile kwenye mashine zilizokuwa mikononi mwa watu, ila ilikuwa na kitu kimoja ambacho mdukuzi hakuwa nacho: seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha huduma za mtandaoni.

Juni 2018 mdukuzi anayejulikana kwa jina la SciresM aliandika maelezo marefu ya jinsi seva zile zinavyomtambua mgeni, na nilipoyasoma kwa mara ya tatu ndipo neno "chuma" la fundi wangu lilipokaa sawa kichwani. Switch inapotaka kuingia mtandaoni, haianzi na jina lako. Inaanza na lake. Kiwandani kila moja hupewa cheti cha kidijitali ambacho hakuna mashine nyingine duniani inayo, kikahifadhiwa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo PRODINFO, mahali ambapo ukifuta mashine yote hapafutiki. Cheti hicho huwasilishwa kwanza. Seva ikikubali, inaipa mashine tiketi ya muda. Baada ya hapo tu ndipo akaunti yako inapoulizwa. Kwa hiyo mlango una walinzi wawili, na wa kwanza haulizi wewe ni nani; anauliza umekuja na gari gani. Gari likiwa kwenye orodha ya yaliyokatazwa, abiria, hata awe nani, hafiki kuhojiwa. Kwenye Switch mlinzi huyo wa kwanza akikukataa hukuonyesha namba 2124-4007, na wanaouza mashine hizi za mtumba wanaijua namba hiyo kama mwalimu anavyojua namba ya ofisi yake.

Kuna na mlinzi wa tatu, ambaye nilimwona mkali kuliko wote. Ukitaka kucheza gemu fulani mtandaoni, gemu lenyewe nalo linatakiwa kitambulisho. Kama ulilipakua, kuna tiketi iliyotiwa sahihi na Nintendo, ndani yake imeandikwa ni gemu gani, limenunuliwa na akaunti ipi na kwa mashine ipi. Kama ni kadi ya kuchomeka, basi kila kadi ina cheti chake, kimoja kwa kadi moja, kimetiwa sahihi ya kihesabu iitwayo RSA, ya biti 2048. Sahihi ya namna hiyo huwezi kuibuni. Aliye na ufunguo ni kampuni peke yake. Unachoweza ni kunakili cheti halali cha kadi halali. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana cheti kimoja kikionekana kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, seva inajua kwamba moja ni nakala.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa. Sisi tumezoea kufikiri kwamba anayefungiwa ni mtu: kaghushi, katukana watu, kaiba, kafungiwa. Hapa kuna vitabu viwili. Kimoja cha watu, kingine cha mashine. Ukifungiwa kwenye kitabu cha watu, unaweza kukaa chini, ukajirekebisha, ukafungua akaunti nyingine. Mashine ikiandikwa kwenye kitabu chake, inabaki humo hata ikiuzwa mara tano, ikavuka bahari ndani ya kontena, ikapangwa kwenye rafu Kariakoo ikiwa imefutwa vumbi na kuvishwa nailoni mpya.

Niliporudi nyuma kutafuta haya yalianza lini, njia ilinipeleka kwenye Xbox 360, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mbinu nyingi za baadaye zilipojaribiwa.

Xbox 360, konsoli ya Microsoft, ilitoka Novemba 2005. Ulinzi wake dhidi ya diski za kuchoma ulitegemea sana kiendesha diski, kile kisanduku kinachozungusha DVD. Diski halisi zilikuwa na eneo maalumu la usalama, na konsoli ilikuwa ikikiuliza kiendeshi maswali kuhusu mahali data ilipokaa kwenye uso wa diski, vitu ambavyo diski uliyoichoma nyumbani haina. Wadukuzi wakaona: kwa nini tuhangaike na diski? Tumfundishe kiendeshi kusema uongo. Wakabadilisha programu iliyomo ndani ya kiendeshi ili ikiulizwa "je, hii ni diski halisi?" ijibu ndiyo, na ijibu kwa takwimu zilizonakiliwa kutoka diski halisi. Iliyovuma kuliko zote iliitwa iXtreme. Hii ndiyo kazi ambayo vibandani kwetu watu waliiita kuchipu, ingawa kwenye mashine hizi mara nyingi hapakuwa na chipu yoyote iliyoongezwa. Fundi alikuwa ameandika upya maneno ya kiendeshi, basi. Fundi wangu wa Temeke alinieleza kitu ambacho kilinithibitishia kwamba alikuwa anaijua kazi yake: kiendeshi cha 360 kikifa, huwezi kutoa kingine kwenye mashine ya mtu ukakipachika, kwa sababu kila kiendeshi kina ufunguo wa siri unaolingana na ubao mkuu wa mashine yake. Inabidi ubao mdogo wa kiendeshi cha zamani uhamie kwenye kiendeshi kipya. Alijifunza hivyo kwa kuharibu mashine mbili za wateja na kuzilipa.

Microsoft walijibu namna gani? Mei 2007 walitangaza kwamba wanazifungia mashine zilizochakachuliwa zisiingie Xbox Live, huduma yao ya mtandaoni. Lakini pigo kubwa lilikuwa Novemba 2009, siku zilezile ambazo gemu la Modern Warfare 2 lilikuwa linatoka, tarehe 10. Kampuni yenyewe ilisema waliofungiwa ni asilimia ndogo ya watumiaji wake milioni 20. Vyombo vya habari vya teknolojia vikakadiria kwamba huenda mashine zimefika milioni moja. Iwe ni idadi gani, yaliyofuata yanatuhusu sisi tulio mwisho wa mnyororo: kwenye tovuti za mnada za Marekani zikamiminika Xbox 360 za bei rahisi, "nzima kabisa, haina tatizo." Zilikuwa nzima kweli. Diski zinasoma, picha inatoka. Mlango wa mtandaoni ndio uliokuwa umefungwa, na asiyeuliza hakuambiwa. Mashine za mtumba zinazokuja kwetu hutoka kwenye masoko ya namna hiyo: Uingereza, Marekani, Japani, nyingine zikipitia Dubai.

Kisha kikaja kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mwaka 2011 mdukuzi aitwaye GliGli alionyesha njia ya kuigutua Xbox 360: unaipunguza kasi ya ubongo wa mashine kwa nukta fulani ya kuwaka, unautumia mshtuko mfupi mno kwenye waya wa kuanzisha upya, na kwa kugutuka huko ubongo unakosea kulinganisha alama za usalama, ukaamini kwamba programu isiyo na sahihi inayo. Mwenye mashine kama hiyo angeweza kuendesha chochote. Alichokiogopa ni kitabu cha mashine. Kwa hiyo likazuka soko la vitambulisho. Kila 360 ina fungu la data liitwalo keyvault, humo mna namba ya mashine, cheti chake, na ule ufunguo wa kiendeshi. Watu wakawa wananunua 360 zilizokufa, zile zenye taa nyekundu ambazo hata bure hukutaka, wanachomoa keyvault, wanaiuza. Mwenye mashine iliyofungiwa ananunua, anaivisha mashine yake jina la marehemu, anaingia mtandaoni. Ikigunduliwa na kufungiwa, ananunua marehemu mwingine.

Nchi hii imewahi kulipa mishahara ya wafanyakazi hewa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa PlayStation 3, konsoli ya Sony, nitapita haraka, si kwa sababu kisa chake ni kidogo bali kwa kuwa kimesimuliwa sana. Desemba 2010, kwenye mkutano wa wadukuzi Berlin, kundi la fail0verflow lilionyesha kwamba Sony walipokuwa wakitia sahihi programu zao walitumia namba ileile pale ambapo hesabu inadai namba mpya ya kubahatisha kila mara. Kwa kosa hilo ufunguo wa siri ulikokotoleka. Februari 2011 Sony walitangaza kwamba mashine zilizochezewa zitafungiwa moja kwa moja kwenye PlayStation Network, huduma yao ya mtandaoni. Kilichonishtua ni hiki: PS3 inajitambulisha kwa namba ya baiti 16 iitwayo IDPS, na mashine zilipokuwa zimefunguka, watu wakaanza kubadilisha namba hiyo kwa namba za mashine nyingine. Hebu fikiria mtu aliye Ulaya anatumia namba ya mashine yako kudanganya kwenye michezo, na wewe uko Mwanza unalala.

Sasa, jambo lililonipa shida kuliko yote halikuwa namna mashine inavyotambuliwa. Lilikuwa namna kosa linavyogunduliwa. Nilitaka kujua mwenye mashine yetu wa kwanza alifanya nini. Na hapo niligonga ukuta ambao wengine wengi wameugonga kabla yangu.

Mfano bora ni Nintendo 3DS, konsoli ya mkononi. Novemba 2016, kabla gemu za Pokémon Sun na Moon hazijaanza kuuzwa tarehe 18, nakala zilivuja. Baadhi ya watu wakashindwa kuvumilia, wakazipakua, wakacheza wakiwa mtandaoni. Wakafungiwa, na sababu ilikuwa wazi kama mchana: seva inaona mashine inacheza gemu ambalo bado halijauzwa popote. Wimbi la Mei 2017 likawa jambo jingine. Maelfu ya ripoti za kosa namba 002-0102, mashine zilizochakachuliwa zikafungiwa kwa mkupuo, na wenye mashine wakageuka wapelelezi. Wakajaza majedwali: una programu gani, ulitumia gemu za kupakua kwa wizi, marafiki wako walikuwa wanaona unachocheza, ulizima utumaji wa takwimu? Waliamini watapata kanuni. Kila walipoandika kanuni, alijitokeza mtu aliyeivunja. Huyu alifanya yote wala hakufungiwa. Yule aliapa hakugusa hata gemu moja la wizi, na kafungiwa. Wakaja kugundua namna ya kutoka kifungoni, kwa kubadilisha faili moja iitwayo LocalFriendCodeSeed, yaani jina la mashine kwa seva za marafiki. Tena watu wakaanza kutafutana majina ya mashine zilizoharibika. Tanzi ilikuwa wazi, kamba iliyovuta haikuonekana.

Huo ndio mpango wenyewe. Valve, wenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanasema waziwazi kwamba mfumo wao wa kukamata wadanganyifu huchelewesha adhabu kwa makusudi. Ukimfungia mtu sekunde ileile anapowasha programu ya udanganyifu, umemfundisha ulichokiona; kesho ataificha hapohapo. Ukisubiri wiki tatu ukawafungia elfu kumi kwa siku moja, hakuna ajuaye ni kitendo kipi kilichomponza. Mashine kama Switch inasaidia sana subira hiyo kwa sababu huweka kumbukumbu za matukio na makosa hata ikiwa nje ya mtandao, kisha huzituma siku inaporudi. Mtu anazima Wi-Fi, anafanya mambo yake mwezi mzima, anawasha Wi-Fi apate toleo jipya la gemu moja, na mashine inasimulia kila kitu.

Nauelewa mpango huo. Nimecheza na mtoto yule kwenye mashine ya jirani tukakutana na mtu anayefunga mabao ambayo mguu wa binadamu haufungi, na niliona uso wa mtoto ulivyoshuka. Wadanganyifu wanaharibu raha ya watu wengi, na wanaonakili gemu wanakula jasho la watu walioketi miaka kulitengeneza. Sina ugomvi na kufungia. Ugomvi wangu uko kwenye mlango wa nyuma, pale mashine inapobadilisha mikono.

Mwaka 2025 mlango huo ulifunguka watu wote wakaona. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni. Mwezi mmoja kabla, Nintendo ilikuwa imebadilisha makubaliano yake na watumiaji ili kujipa haki ya kuifanya akaunti au mashine isitumike kabisa, yote au sehemu yake, kwa anayekiuka. Procon-SP, chombo cha kutetea walaji cha jimbo la São Paulo, Brazili, kikaiandikia kampuni kudai kifungu hicho kibadilishwe. Wakati huohuo kulikuwa na kifaa kiitwacho Mig Switch, kadi tupu ambayo unaijaza nakala za kadi zako, pamoja na vyeti vyake. Waliokitumia kwenye Switch 2 wakaanza kufungiwa hata walipodai kwamba gemu ni zao wenyewe. Hao walijua wanachokigusa. Lakini akatokea mchezaji aliyenunua kadi halisi nne za mtumba, kwa mtu, akazichomeka kwenye Switch 2 yake mpya, akapakua matoleo mapya ya gemu. Kesho yake mashine imefungiwa. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba aliyeuza alinakili kwanza, akabaki na nakala, akauza kadi. Cheti kimoja kikaonekana sehemu mbili, na mlinzi wa tatu akafanya kazi yake. Mchezaji yule aliwasiliana na Nintendo, akatuma tangazo la mauzo na picha za kadi, wakamfungulia.

Nilisoma kisa hicho nikasimama, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikakisoma tena. Maana nilikuwa nimeshafanya vilevile. Niliwaandikia watengenezaji wa konsoli yetu, nikaambatisha risiti ya duka, picha ya namba iliyo chini ya mashine, tarehe ya kununua, na maelezo ya kila jaribio lililomo kwenye daftari langu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la heshima, kwamba kifungo cha mashine hii ni cha kudumu, na mambo ya mtumiaji wa zamani hayawezi kujadiliwa na mtu mwingine. Tofauti kati yangu na mchezaji yule ni kwamba yeye alikuwa ndiye mwenye mashine tangu ilipotoka dukani. Sisi tulikuja baada ya tendo.

Hapa ndipo simu zinaponiumiza roho. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ilizima simu bandia nchini. Wengi tunakumbuka miezi ile: unapiga *#06#, unapata tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, unazituma kwenda 15090, unajibiwa simu yako ni ya aina gani na kama ni halali. Ulikuwa unasimama kwenye kaunta ya duka na simu mkononi, hujatoa hela, na unapata jibu. Ilikuwa serikali inazima vifaa vya watu wengi, tena kwa haki ya kisheria, na bado ilimpa mnunuzi njia ya kuuliza kabla hajalipa. Konsoli nayo ina namba yake. Kitabu kipo, kiko kwenye seva, kinasomwa kila sekunde kila mashine inapobisha hodi. Kumwonyesha mnunuzi ukurasa mmoja, jibu la "imefungiwa" au "haijafungiwa," hakumfundishi mdanganyifu chochote kuhusu alivyokamatwa. Yeye anajua kwamba kafungiwa, skrini imemwambia. Asiyejua ni mimi niliyesimama Kariakoo na shilingi 380,000.

Kwa hiyo kwa sasa ulinzi pekee ni miguu yako. Nenda na simu yenye bando. Muuzaji akiiwasha mashine, usiridhike na gemu lililomo ndani; washa hotspot, iunganishe, ingia kwa akaunti unayoijua, fungua duka la mtandaoni la hiyo chapa, kisha ingia kwenye mchezo wa watu wengi hata kwa dakika moja. Akisema mtandao hapa dukani unasumbua, mwambie utatumia wako. Akisema mashine ikifutwa itaingia, hapo ondoka, kwa sababu kufuta hakugusi cheti. Na usimwamini anayekuambia "hii haijachipiwa" kwa kukuonyesha skrubu ambazo hazijafunguliwa. Kasoro ya Switch za mwanzo haikuhitaji skrubu hata moja. Ukinunua kadi za gemu za mtumba, hifadhi tangazo, risiti na picha za kadi pande zote mbili, maana hizo ndizo zilizomwokoa yule mchezaji.

Nilirudi kwa muuzaji wetu na mambo haya. Hakuwa mwizi. Aliipokea mashine ile kwenye mzigo wa konsoli kumi na mbili, hakuwa na Wi-Fi dukani, na alikuwa akizijaribu jinsi alivyonijaribia mimi. Hakuwa na hela ya kunirudishia yote. Tuliafikiana akanipa 100,000, na nilimwona siku ile ile akiandika namba za mashine zilizobaki kwenye kipande cha boksi ili aende kuzijaribu moja moja kwa simu yake. Kati ya hizo, mbili zilikuwa zimefungiwa. Alinipigia jioni kunieleza.

Mtoto alipata mashine nyingine mwezi wa sita, safari hii tukiwa na hotspot, na tuliijaribu mpaka muuzaji akaanza kupanga vitu vyake vya kufunga duka. Ile ya kwanza fundi wa Temeke aliinunua kwa 200,000. Pale kibandani haihitaji mtandao; watoto wanakaa wawili wawili, wanatoa mia tano, wanacheza nusu saa. Nilipopita wiki iliyopita niliikuta mezani, joto, inafanya kazi. Juu yake fundi amebandika plasta nyeupe, ameandika kwa kalamu nene: HAIINGII MTANDAONI. Nikamwuliza kwa nini ameandika wakati ni ya kwake na anajua.

"Mimi nitaiuza siku moja, dada," akasema. "Sitakuwepo kumweleza wa baada yake."